Chuma Kipya juu ya Habu Safi

Diski mpya inafika gereji ikiwa imefungwa kwa nailoni, imepakwa mafuta membamba ya kuzuia kutu, inang'aa. Mwenye gari ameilipia dola zake, ameibeba mwenyewe kutoka dukani, na sasa amesimama kando ya gurudumu anatazama saa. Kwake yeye kazi imeshafika nusu: kilichobaki ni kutoa ya zamani na kuweka hii. Fundi hata haigusi. Ameiegemeza ukutani, kavuta kigoda, kachukua brashi ya waya, na anaanza kusugua chuma ambacho hakuna mtu atakayekiona tena kwa miaka kadhaa.

Nataka kuandika juu ya kusugua huko. Mafundi wa breki si haba Bunia, mashariki mwa Kongo, na wengi wao wanajua kufungua gurudumu, kubadilisha diski na kulifunga kwa muda mfupi sana. Hilo si jambo dogo, wala siwabezi. Lakini wapo wachache ambao gari likitoka mikononi mwao linashika breki leo, linashika mwezi ujao, na mwaka ujao bado pedali imetulia chini ya kiatu cha dereva. Nimekaa muda mrefu kwenye gereji ya mmoja wao, mzee mmoja wa mjini ambaye vijana wake humwita Muzee tu, nikitafuta tofauti iko wapi. Haiko kwenye nguvu za mikono, wala kwenye vifaa, kwa maana vifaa vyake ni vya kawaida. Iko kwenye nyuso za chuma zinazogusana gizani, na kwenye muda ambao mtu yuko tayari kuzipa.

Ili kuelewa kwa nini anajisumbua, itazame kwanza barabara. Bunia iko juu, karibu mita 1,275 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Albert liko chini, kwenye mita 620 hivi. Gari la abiria au la samaki linalokwenda Kasenyi hupita Bogoro, kisha ardhi inakatika, na barabara inaanza kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa mpaka ufukweni. Ni mita 650 za kimo. Land Cruiser iliyosheheni watu na magunia, yenye uzito wa tani 3, ikishuka kimo hicho lazima iachie nishati ya megajuli 19 hivi. Nishati hiyo ingetosha kuchemsha zaidi ya lita 50 za maji yaliyotoka kisimani. Haipotei hewani kwa sababu tu dereva ni hodari. Sehemu yake inamezwa na injini, kama dereva ameshuka kwa gia ndogo. Sehemu inakwenda kwenye matairi na upepo. Inayobaki yote inaingia kwenye diski mbili za mbele na dramu mbili za nyuma kama joto.

Uzito wa chuma chote hicho cha breki tuukadirie kuwa kilo 40. Ukipiga hesabu, joto lile lote likiingia humo bila kupoa hata chembe, chuma kingepita nyuzi 1,000 za Selsiasi. Hakifiki huko, kwa sababu hewa inapita kwenye matundu ya diski na dereva mwenye akili hushuka kwa gia ile ile ambayo angepandia. Lakini hesabu hiyo inaonyesha kazi iliyopo. Mtu anayefunga diski Bunia hafungi pambo la gari. Anafunga mahali ambapo uzito wa watu kumi na mizigo yao utageuzwa kuwa moto, kona baada ya kona, na kona ya mwisho haina huruma zaidi ya ile ya kwanza.

Na huo ni upande mmoja tu wa mji. Kaskazini barabara inapanda na kushuka vilima vya Djugu kuelekea Mahagi na mpaka wa Uganda, na malori yanayotoka Kampala na shehena nzito huja nayo. Kusini magharibi kuna njia ya Komanda, ambako mtu huikuta barabara kubwa ya Beni na Kisangani. Kwa miaka mingi njia hizo zimekuwa mahali ambapo hakuna dereva anayetaka gari limkwamie, hata kwa nusu saa. Wakati wa mvua matope mekundu huingia kila tundu. Wakati wa kiangazi, kuanzia Desemba, ni vumbi, laini kama unga, nalo lina changarawe ndogo ndani yake inayokula pedi na diski kwa pamoja.

Chuma chenyewe kinachovumilia haya ni chuma cha kutupwa, cha kijivu. Ndani yake kaboni imejipanga kama vipande vyembamba vya grafiti, na vipande hivyo ndivyo vinavyosafirisha joto haraka kutoka usoni mwa diski kwenda ndani, na kumeza mtetemo usigeuke kelele. Ubaya wake ni kwamba hakijui kupinda. Kikizidiwa, kinapasuka.

Basi turudi gerejini. Kwanza magogo au mawe nyuma ya magurudumu yasiyoguswa, kisha nati zinalegezwa gari likiwa bado chini, kisha jeki, kisha stendi. Muzee hana mjadala juu ya stendi. Kijana anayeingiza mguu chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake anarudishwa kuosha vyombo siku hiyo, na hasemi neno. Gurudumu likitoka, kalipa inafunguliwa na kuning'inizwa kwa waya kwenye springi. Haiachwi hata dakika moja kubembea kwenye mpira wake wa mafuta, kwa sababu mpira ukivutwa unaweza kupasuka ndani bila kuonyesha kitu nje. Na mpira wa namna hiyo huruhusu mafuta kwenda lakini huyazuia kurudi, gurudumu likabaki limeshikwa.

Kwenye gari dogo kama Corolla, diski imekaa mbele ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, imebanwa na nati za gurudumu tu. Kama kutu imeing'ang'aniza, ina matundu mawili yenye meno. Unaingiza bolti mbili za milimita 8 na kuzikaza kwa zamu, robo mzunguko huku, robo mzunguko kule, mpaka ijiachie yenyewe. Anayeipiga nyundo ataitoa pia, lakini beringi iliyo nyuma imepokea kila pigo.

Land Cruiser za zile namba ngumu zinazopendwa hapa, 78 na 79, ni hadithi nyingine. Magari haya yamejaa Bunia tangu 2003, walipofika wanajeshi wa Umoja wa Mataifa na mashirika ya misaada, na mengi yaliyouzwa baadaye yameingia katika kazi ya kubeba abiria. Diski ya mbele imefungwa nyuma ya habu, si mbele yake. Ili kuifikia ni lazima ufungue kofia ya mbele, utoe habu yote, na ili kutoa habu unahitaji soketi kubwa ya milimita 54 ambayo si kila gereji inayo. Ndani utakuta nati mbili za beringi na kati yake bati la kuzuia lililokunjwa ukingo, beringi mbili, grisi, na nyuma kabisa sili ya mpira. Kwa hiyo aliyekuja kubadilisha diski amekuja pia, atake asitake, kuoshewa beringi. Mwenye haraka atachukia jambo hilo. Mimi naliona ni bahati ya gari hilo, maana beringi zinapata kutazamwa, na mtu wa kuzitazama ni huyu.

Habu inakwenda mezani. Bolti zinazoishikilia diski ya zamani zinatoka kwa shida, diski inaanguka, na hapo ndipo tunapoufikia uso niliousema: duara la chuma kwenye habu, pana kama vidole viwili vitatu, ambalo diski hukaa juu yake. Limejaa kutu yenye magamba. Mahali pengine kutu imenyanyuka, mahali pengine ipo iliyogandamizwa na diski ya zamani ikawa ngumu kama chuma chenyewe.

Muzee anaanza na brashi ya waya. Anafuata na kipande cha ubao wa bapa kilichofungwa msasa, ili msasa usifuate mashimo bali ukate vilima tu. Anazunguka. Anapangusa kwa kitambaa chenye petroli, anageuza habu ipate mwanga wa pembeni, anapitisha ukucha. Ukucha ukikwama, anarudia. Halafu anashughulikia kile kipembe cha ndani ambapo duara linakutana na shingo ya habu, mahali ambapo brashi haifiki vizuri na uchafu hupenda kujificha. Hapo anatumia ncha ya bisibisi ya zamani aliyoinoa kwa kazi hiyo. Baada ya hapo anakagua kila tundu la bolti, maana ukingo wa tundu mara nyingi umevutwa juu kidogo na kukazwa kwa miaka mingi, na huo nao unafutwa.

Kwa nini yote haya? Diski iliyokwisha kufungwa hairuhusiwi kuyumba kushoto na kulia zaidi ya kiasi kidogo sana. Kwenye magari mengi kikomo ni milimita 0.05. Gamba la kutu lililobaki kwenye habu huiinamisha diski, na kwa kuwa ukingo wa diski uko mbali na kati kuliko ule uso wa habu, kosa lililo dogo katikati linafika ukingoni limeongezeka, mara nyingi karibu maradufu. Gari litakwenda barabarani na hakuna atakayehisi lolote siku hiyo. Pedali ni imara, breki zinashika, mteja analipa na kushukuru. Lakini kila diski inapozunguka, sehemu moja ile ile inaigusa pedi kidogo, hata dereva asipokanyaga. Inaliwa hapo. Baada ya kilomita elfu kadhaa sehemu hiyo imekuwa nyembamba kuliko nyingine, na sasa dereva akikanyaga breki pedali inapiga mguu wake, usukani unatetemeka. Atasema diski imepinda kwa joto. Atasema ni bandia. Atamlaumu muuza duka, na pengine atamlaumu mtengenezaji wa mbali, akanunua nyingine na kuipeleka kwa fundi yule yule aliyeacha gamba lile lile kwenye habu.

Ndiyo sababu naiheshimu kazi hii kuliko nyingi zinazosifiwa kwa sauti. Kosa lake linachelewa kuonekana, na likionekana linabeba jina la mtu mwingine. Fundi anayeacha gamba hatalipia. Anayesugua mpaka chuma kitulie hatapata sifa, kwa kuwa hakuna anayemshukuru mtu kwa mtetemo ambao haukutokea. Kinachomweka pale kwenye kigoda ni kwamba yeye mwenyewe anajua.

Diski mpya sasa inachukuliwa. Sehemu nyingi za magari zinazouzwa hapa zimepita Kampala, kwenye soko la Kisekka au maduka yanayolizunguka, au zimekuja kwa mikono ya wafanyabiashara wa Butembo, na kabla ya hapo Dubai. Kuna nzuri na kuna mbaya ndani ya boksi zinazofanana. Muzee anaipima kwa mikono kwanza, kwa sababu diski iliyopunjwa chuma ni nyepesi. Anatazama kama mbavu za ndani, zile zinazopitisha hewa, ziko katikati au zimehama upande mmoja. Anatafuta maandishi ya MIN TH yaliyotokana na kalibu, yanayosema unene ambao chini yake diski haifai tena. Iliyotoka kiwandani kwa watu makini huwa nayo. Kisha anaiosha. Mafuta yale ya kuzuia kutu yakibaki, pedi itayanywa siku ya kwanza na haitarudi kuwa pedi tena. Anaosha kwa petroli, halafu kwa maji ya moto na sabuni, na anaikausha juani, na kuanzia hapo hakuna anayeigusa usoni kwa vidole vyenye grisi.

Inafungwa kwenye habu, bolti zinakazwa kwa kuvukana, kidogo kidogo, si moja mpaka mwisho kisha nyingine. Beringi zimeoshwa, zimekaguliwa chini ya mwanga, na zimejazwa grisi kwa kiganja: unasukuma grisi upande mpana mpaka itokeze upande wa pili kati ya kila goroli. Sili mpya. Habu inarudi kwenye ekseli, nati ya ndani inakazwa huku habu inazungushwa ili beringi zikae, inalegezwa, inakazwa tena kwa upole mpaka habu izunguke bila kucheza na bila kung'ang'ania. Hapa kijana mmoja aliuliza atajuaje kipimo, na Muzee alimwekea mkono juu ya habu akamwambia, "Zungusha. Sasa vuta juu na chini. Ukisikia inagonga, bado. Ukisikia nzito, umepita." Kijana akazungusha kwa muda mrefu. Mwenye gari akakohoa.

Kisha inapimwa. Hana ile geji yenye saa ya kupimia myumbo. Anakata waya mgumu, anaufunga kwenye kishikio cha kalipa, ncha yake ikikaribia uso wa diski karibu na ukingo, na anaizungusha diski polepole akitazama mwanga kati ya ncha na chuma. Pale nafasi inapokuwa ndogo kabisa anaisogeza ncha mpaka iguse, anaweka alama ya chaki, anazungusha mpaka pale ilipo kubwa, na anajaribu kupitisha jani jembamba la kipimo cha nafasi, la 0.05. Likipita kwa urahisi, diski inatoka na kila kitu kinaanza upya. Nimeona ikitoka. Alichokikuta kilikuwa chembe moja ya mchanga, iliyoingia wakati wa kufunga.

Kalipa ya kutelezea, kama ya Corolla, nayo haifungwi kabla pini zake mbili za kutelezea hazijatolewa, kusafishwa na kupakwa grisi isiyoyeyuka kwa joto. Zikikwama, pedi moja inafanya kazi ya mbili. Nitapita hapo haraka, ingawa yeye hapiti haraka.

Dramu ni kazi ya tabia tofauti. Wazo la diski na la dramu yana umri unaokaribiana: Frederick Lanchester alipewa hataza ya breki ya diski huko Uingereza mwaka 1902, na Louis Renault wa Ufaransa anahesabiwa kuwa aliipa dramu umbo lake mwaka huo huo. Dramu ilishinda kwa nusu karne, maana pedi za shaba za Lanchester zilipiga kelele zisizovumilika na barabara za vumbi zilizila. Jaguar zenye diski zilipotwaa ushindi Le Mans mwaka 1953, na Citroën DS ilipotoka na diski za mbele mwaka 1955, mizani iligeuka. Lakini nyuma ya magari ya kazi dramu imebaki, na kwa Ituri, jimbo letu, naona imebaki kwa sababu ya haki: inabeba mzigo, breki ya mkono inakaa ndani yake kwa urahisi, na changarawe haiingii ovyo. Ikishaingia lakini, haitoki. Ndiyo maana fundi mwangalifu hufungua dramu mvua zinapoisha, hata kama hakuna aliyelalamika.

Dramu iliyochakaa ina ukingo ulioachwa juu, kama mdomo wa ndani, nao hunasa viatu vya breki, zile garnitiri kama zinavyoitwa hapa. Fundi mwenye pupa huvuta mpaka kitu kivunjike. Dawa ni tundu dogo kwenye sahani ya nyuma: unapitisha bisibisi, unalirudisha lile gurudumu dogo la meno la kurekebisha, viatu vinasinyaa, dramu inatoka. Na vumbi lililo ndani halipulizwi kwa mdomo wala kwa pampu. Garnitiri za zamani, na baadhi ya zile za bei ya chini zisizo na maelezo, zinaweza kuwa na asbesto, na asbesto ikishaingia kwenye mapafu hudhuru baada ya miaka mingi. Muzee anaweka beseni chini na kuosha kila kitu kwa maji ya sabuni. Maji yanatiririka mekundu, halafu meusi. Napenda sana kwamba jambo hili amelifanya sheria kwa vijana wake.

Dramu ya milimita 295, ya aina inayopatikana kwenye Toyota nyingi za mizigo, inaruhusiwa kutanuka mpaka 297. Maandishi ya MAX DIA yako pale pale kwenye chuma. Ikizidi hapo, inatupwa. Kuichonga zaidi kwenye mashine ni kuiba unene wa dramu ambao ndio unaobeba joto. Mpya inapokuja, anaitundika kwenye kidole na kuigonga kwa spana ndogo. Nzima inaimba kwa sauti ndefu. Yenye ufa, hata usioonekana kwa jicho, inatoa sauti fupi iliyokufa.

Hapa kuna jambo linalowaponyoka hata mafundi wazuri. Viatu vya zamani vimejifinyanga kwa mviringo wa dramu ya zamani, iliyokwisha kutanuka. Ukiviingiza kwenye dramu mpya iliyo ndogo zaidi, vinagusa kwenye ncha tu, na katikati kuna nafasi. Ukifanya kinyume, viatu vipya ndani ya dramu kuukuu, vinagusa katikati tu. Muzee hupaka chaki kwenye garnitiri nzima, huvaa dramu, huizungusha mara moja, huivua na kutazama chaki imefutika wapi. Palipofutika peke yake ndipo panapopitishwa msasa kidogo. Anarudia mpaka chaki ifutike sehemu kubwa ya uso. Ni kazi ya subira tupu, na inampa dereva breki inayoshika tangu kilomita ya kwanza badala ya kungoja wiki mbili.

Hafungui pande zote mbili kwa wakati mmoja. Upande wa kulia ukiwa wazi, wa kushoto umefungwa, na kijana akisahau springi ya kijani inaingia tundu gani anakwenda kutazama upande wa pili. Kuna sababu nyingine: skrubu ya kurekebisha ya kushoto ina meno yanayozunguka kinyume na ya kulia. Ukizibadilisha, kila zinapotakiwa kusogeza viatu karibu zitavirudisha nyuma, na pedali itazidi kushuka siku baada ya siku bila mtu kuelewa.

Kwenye sahani ya nyuma kuna vituo vidogo vilivyonyanyuka ambapo kingo za viatu huteleza. Miaka ikipita kiatu huchimba mfereji hapo na kukwama ndani yake. Anavisawazisha kwa tupa na kupaka grisi kidogo sana, kiasi cha kupaka kwa kidole kimoja. Zaidi ya hapo itayeyuka na kufika kwenye garnitiri, na kiatu cha mbele, ambacho mzunguko wa gurudumu wenyewe hukivuta kijibane zaidi, kikipata grisi hushika kwa kushtuka na kuvuta gari upande. Kisha anafunua kidogo kifuniko cha mpira cha silinda kutafuta unyevu. Kikiwa na unyevu, hakuna kufunga. Silinda inashughulikiwa kwanza, maana mafuta ya breki yataharibu kila alichokifanya.

Akishafunga, anarekebisha kwa sikio. Analikaza lile gurudumu la meno mpaka dramu ishikwe, analirudisha, anazungusha, anainama. Anataka msuguano mwepesi ulio sawa mzunguko mzima. Ukisikika na kupotea, kusikika na kupotea, dramu haijakaa sawa kwenye habu, na sasa mnajua atafanya nini.

Kutoa hewa ni kazi ya wawili. Kijana kwenye pedali, Muzee chini na bomba la plastiki lililozamishwa kwenye chupa yenye mafuta. "Kanyaga. Shikilia. Achia." Huanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, na Bunia hilo linahitaji kufikiri kidogo, maana tunaendesha upande wa kulia wa barabara lakini magari mengi yametoka Japani na usukani uko kulia. Masta silinda iko upande wa dereva. Lenye usukani kushoto huanza nyuma kulia. Lenye usukani kulia huanza nyuma kushoto. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230; yakishanyonya unyevu wa hewa yanaweza kuchemka kwenye 155. Kwenye mteremko wa ziwa tofauti hiyo ni pedali inayozama mpaka sakafuni. Kwa hiyo chupa iliyofunguliwa mwezi uliopita hairudi kazini kwake, hata ikiwa imejaa.

Gari linashuka chini, nati zinakazwa kwa kuvukana, matairi yakiwa yamegusa ardhi. Mwenye gari anatoa funguo mfukoni. Bado. Muzee anaingia yeye mwenyewe na kulichukua mpaka barabara ya uwanja wa ndege asubuhi kabla haijajaa pikipiki. Analipeleka kilomita 50 kwa saa, analipunguza kwa mkanyago wa wastani mpaka karibu lisimame, analiachia, anaenda kidogo lipoe, anarudia, tena na tena. Pedi inaacha tabaka jembamba la mata yake usoni mwa diski, na breki zitafanya kazi kupitia tabaka hilo maisha yao yote. Kosa kubwa hapa ni kusimama kabisa na kubaki umekanyaga wakati kila kitu ni cha moto: pedi inaacha alama yake mahali pamoja, na mtetemo ule ule tuliouepuka kwenye habu unaingia kwa mlango mwingine.

Kazi ya diski za mbele na dramu za nyuma za Land Cruiser humchukua siku nzima na sehemu ya pili. Wapo wanaoifanya kwa nusu ya muda huo na nusu ya bei, nao wana wateja. Nadhani wateja wa Bunia wangefanya vizuri kulipia kusugua kama wanavyolipia chuma, kuandikwe kabisa kwenye karatasi ya hesabu, mstari wake peke yake.

Gari likiondoka, dereva amepewa maagizo mawili. Safari ya kwanza ya Kasenyi aende na mzigo mdogo, na akifika chini, kabla ya kuzima injini, azunguke apeleke mgongo wa mkono karibu na kila gurudumu bila kuligusa, alinganishe kushoto na kulia. Na akirudi, apite gerejini nati zikazwe tena, kwa kuwa chuma kipya kimekaa na kupata moto na huenda kimeachia kidogo. Magurudumu ya ekseli moja yakiwa na joto linalolingana, ni kukaza tu, dakika tano, bila malipo. Moja likiwa la moto kuliko mwenzake, gari linarudi juu ya stendi, gurudumu hilo linatoka, na Muzee anavuta kigoda.